Mume Wangu Anachomea Dhahabu Kwenye Chumba Changu cha Matibabu

Mpendwa Mshauri Mama Mageni, shikamoo. Naomba msaada wako maana tangu juzi nimekuwa kama mtu aliyepigwa na radi, chakula hakipiti, usingizi sina.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Segese, figo zangu zimefeli, na kwa kuwa hospitali yenye mashine iko mbali daktari akanishauri nijisafishe damu nyumbani, yaani wanakuwekea mpira tumboni, unaingiza maji ya dawa, yanakaa, halafu unayatoa pamoja na uchafu, kila siku, lakini sharti uwe na chumba kisafi kisicho na vumbi, kwa sababu vijidudu vikiingia kwenye ule mpira unaweza kufa. Basi mume wangu Masalu, ambaye ni mchimbaji, alijitahidi jamani, simnyimi sifa yake, akaweka vigae vyeupe, akaziba dari, akatia mlango wa maana, majirani wakaja kushangaa, nami nikasema hapa kweli nimeolewa.

Juzi nesi Generosa akaja kukikagua kabla sijawekewa mpira. Nikamtangulia kwa madaha, nikasukuma mlango, Mama, sikuamini macho yangu! Masalu na mwenzake Ngassa wamechuchumaa juu ya vigae vyangu na jiko la mkaa, juu yake kikaango, ndani yake dhahabu iliyoshikana na zebaki inachomwa ili zebaki itoke, chumba kizima moshi! Nesi akanivuta nje huku amejiziba pua, akauliza, "Hii kazi huwa inafanyika humu?" Ulimi ukawa mzito. Na kikaango chenyewe ndicho ninachokaangia dagaa!

Nesi alipoondoka nikamuuliza Masalu, "Baba Rhoda, unataka kuniua?" Akajibu bila wasiwasi, "Mama Rhoda, nje kuna upepo, na hapa punje ikianguka kwenye kigae naiona. Halafu hiyo dhahabu ndiyo inayokutibu. Mimi nimechoma tangu ujana, mbona nadunda?" Kumbe kabla ya vigae alikuwa anachomea jikoni nikiwa shambani. Nesi atarudi Alhamisi, na Masalu anataka niseme walikuwa wanachoma mahindi. Nikisema kweli chumba kitakataliwa, na ndugu zake watasema nimemharibia kazi mume aliyenijengea. Nikidanganya napata mpira wangu. Nifanyeje?

Mama Rhoda, Segese

Marahaba Mama Rhoda, pole sana mwanangu. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, ikabidi nikae. Mahindi! Mtu achome zebaki kwenye chumba cha mgonjwa wa figo halafu asingizie mahindi! Kwani nesi hana pua?

Masalu anakupenda, vigae ni shahidi. Lakini moshi wa zebaki unaumiza figo, hilo halina mjadala. Kama ndio ulioharibu zako, mimi sijui, si daktari, na daktari naye hatajua mkimficha. Kwa hiyo na wewe nakugombeza: ulimi ulikuwa mzito kwa nini? Ukidanganya utapata mpira, sawa, halafu utakaa humo unajisafisha damu huku unavuta sumu. Huko ni kuteka maji kwa tenga.

Usingoje Alhamisi. Mpigie Generosa leo, mweleze yote, hata ya jikoni. Muulize kama unaweza kusafishwa hospitalini kwanza wakati mnatafuta chumba kingine, kwa ndugu au kwa jirani, popote pasipochomewa zebaki. Hicho cha vigae msikifagie, na watoto wasikanyage mpaka watu wa afya waseme. Kikaango usikisugue, hakitakati, kitoke jikoni kwako. Kazi ya kuchoma ihamie mbali na makazi, na Masalu akaulizie ofisi ya madini kifaa cha kunasa ule moshi.

Ndugu zake waache waseme. Midomo yao haitakusafisha damu.

Na huyo anayejisifu kudunda, mchukue mwende naye hospitali akapimwe. Yeye ndiye anayeinamia kikaango. Figo hazipigi kelele zikiharibika, zako zilipiga? Mwambie kwa upole, lakini umtazame usoni: Baba Rhoda, chumba cha kusafishia damu umejenga kimoja, na mgonjwa wa pili hatukumjengea.