Trai Ambayo Losalini Hakuiona

Mere, uko? Dada yangu Losalini ameharibu. Ameharibu mbele ya kijiji kizima!

Kile kigimbi kilichochanika mwezi uliopita hakijapona. Alikifunga bendeji, akavuta soksi juu, akaenda kuchezesha nusu fainali ya raga. Aliogopa akijiondoa hawatampanga tena refa mwanamke kisiwa kizima cha Taveuni.

Dakika ya mwisho winga wa wageni akachomoka. Losa alikuwa nyuma mita thelathini, anachechemea. THELATHINI, Mere! Akaona rundo la watu kwenye mstari, akapuliza kipenga. Trai, pointi tano kwa wageni. Vijana wetu nje.

Na mpira ulikuwa umemponyoka yule winga kabla hajaugusisha chini! Uwanja mzima uliona! "Refa kiwete!" "Wee mama, rudi ukachemshe mihogo!" Hata mchungaji alizomea. Mchungaji!

Kisha ukafika ule mduara wa sala wa baada ya mechi, timu zote na refa mkono kwa mkono. Nahodha wetu Sireli, mtoto wa shangazi, akauficha mkono wake mgongoni. Losa akacheka. Alidhani ni utani wa mabinamu, kama siku zote.

"Sikutanii," Sireli akasema. "Sishiki mkono wa mwongo."

Losa akasema kwa sauti, wote wasikie: "Sikuuona mpira. Mguu wangu mbovu, nilikuwa mbali, nikabahatisha."

Nilidhani watamhurumia, Mere.

"Basi vua hiyo jezi," Sireli akasema.

Akaivua pale pale, akabaki na fulana. Akaikunja vizuri, akamkabidhi. Ndipo wakaanza kuimba wimbo wa sala, yeye akiwa nje ya mduara.