Mawe Meusi Yaliyo Juu Yako

Tata, baba yangu, shikamoo. Sijui kama huko unaitikia. Ni mimi Mwita, niko hapa nyumbani Nyanungu.

Majembe nafua mwenyewe sasa, kwa zile springi za malori kama ulivyonionyesha. Watu wanachukua. Ila mashoka yangu yanapinda mapema, sijui nakosea wapi.

Tata, kuna kitu nilinyamaza. Siku tunakuzika, mawe ya kuweka juu ya kaburi yalipungua. Kaka Chacha akasema, "Si kuna lile rundo la mzee nyuma ya banda?" Wakaanza kuyabeba. Yale mawe yako meusi, mazito, uliyokuwa unayaleta na baiskeli kutoka mlimani miaka yote ile. Mimi nilijua ni ya nini. Ulishaniambia tukiwa wawili, "Mvua zikiisha tutayapika na mkaa, tutoe chuma chetu wenyewe, kama babu." Lakini wazee walikuwa wengi pale, mdomo ukagoma. Nikabeba na mimi mawili. Wakayashikisha kwa saruji.

Unakumbuka vijana wa kutoka machimbo ya Nyamongo walivyokuwa wanakucheka? "Mzee, wenzako wanatafuta dhahabu, wewe unaokota msingi wa choo!" Ukawauliza, "Dhahabu inalima?" Nilicheka mpaka nikaficha uso.

Sasa leo Chacha kaleta mtu na sumaku. Akaiweka kwenye jiwe la pembeni, kwako hapo, ikashika. Ilishika kweli, Tata. Yule mtu akasema hili ni jiwe la chuma. Chacha akaruka, "Kumbe mzee alikuwa na akili yake! Tuvunje, tupike!" Mama akaenda kukaa juu ya kaburi. Anasema mwenye nyundo aanze na yeye. Amekaa mpaka sasa hivi.

Wananiuliza mimi, "Wewe ulikuwa unashinda naye, alisema anataka nini?" Nikisema, Chacha anashika nyundo. Nikinyamaza, nimenyamaza tena. Kichwa kimejaa. Ndiyo maana nimekimbilia bandani nakuandikia.

Naona niseme yote. Niwaambie ulitaka chuma, halafu niwaambie hayo ya juu yako yabaki, mlimani yapo mengine na baiskeli bado nzima. Sijui unaweka mkaa kiasi gani. Sijui moto unakaa siku ngapi. Hukufika huko kunifundisha. Nitaharibu mengi kwanza, usikasirike.

Lakini chuma kikitoka, hata kidogo, nakifua kiwe jembe la Mama. Hilo nimekuahidi.

Lala, Tata. Ngoja nitoke, Mama yuko juani.