Mashine ya Kupandisha Chome

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki ya maumivu imejaa tena. Migongo, shingo, magoti. Mkata mkonge mmoja, Kayanda, mtu wa Kigoma, hawezi hata kukaa. Nachoma sindano za mgongo kwa kupapasa mfupa. Mara dawa inafika kwenye mshipa wa fahamu, mara haifiki. Nimechoka kubahatisha.
Jioni mganga mfawidhi kaniita. Wafadhili watatununulia eksirei ya kusukuma, ile yenye mkono uliopinda, inayoonyesha sindano ikiingia. Moja tu, ndogo au kubwa. Nichague mimi.

Jumatano, 5 Machi
Mama Nakijwa kashuka kutoka Chome, juu milimani. Mshipa umebanwa kiunoni, moto unamshuka hadi kisiginoni. Barabara imemmaliza kuliko ugonjwa. Walimteremsha garini kwa kumbeba, analia kimya kimya. Akaniomba radhi kwa kulia!
Basi, nimeamua. Nataka ile ndogo. Inaingia kwenye gari la hospitali. Nitaipandisha Chome, Vudee, kwenye zahanati zao. Wasishuke wao. Nipande mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Mrutu, mtaalamu wetu wa mionzi, anataka kubwa. Anasema ndogo ina mkono mfupi, haimzunguki mtu mwenye mwili, na inachemka upesi. Tumegombana mbele ya wauguzi. Nikamwambia hajui maumivu ni nini, yeye anajua picha tu. Akatoka.
Neno baya. Baba yake aliugua mgongo miaka na miaka. Nilijua, na bado nikalisema.
Wauzaji wataleta zote mbili tuzijaribu.

Jumatatu, 10 Machi
Siku mbaya.
Tulianza na ndogo. Mama Nakijwa alikubali, alikuwa bado yuko kwa binti yake hapa Same. Ganzi, sindano, picha safi kabisa. Nikafurahi. Nilipotaka kuona kutoka ubavuni, mkono wa mashine ukagonga kitanda. Tukahangaika kuusogeza. Kisha skrini ikazimika. Joto.
Sindano iko mgongoni, nami sioni kitu.
"Usitikisike, mama."
"Nipo, mwanangu."
Tulingoja. Mrutu alimshika mkono muda wote. Skrini haikuwaka. Nikachomoa sindano.
"Tayari?"
"Bado, mama. Leo imeshindikana."
"Ah. Pole, daktari."
Yeye ndiye ananipa pole. Nimeingia stoo nikalia.
Mrutu hakusema "si nilikuambia". Afadhali angesema.

Jumanne, 11 Machi
Kubwa, kwa Kayanda. Juu, ubavuni, picha haikutetereka. Niliiona dawa ikitambaa kando ya mshipa kama maji mferejini. Akaketi kitandani mwenyewe, anatushangaa.
Lakini ni nzito mno. Kutoka jengo hili haitatoka kamwe.
Nimechagua kubwa. Sina furaha.
Nimemwomba Mrutu msamaha. Kasema, "Yameisha, dada. Twende tukale." Tulikula makande. Yeye ndiye aliyekumbuka kile chumba kitupu nyuma ya wodi ya wanawake. Wa milimani washuke siku moja kabla, walale, mwili utulie. Baada ya sindano wasipandishwe garini siku hiyo hiyo.
Mganga mfawidhi kakubali, ila vitanda tutafute wenyewe.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda kwa binti wa Mama Nakijwa. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi. Nikamwambia mama mashine haitapanda Chome. Itabidi ashuke tena itakapofika. Nilishindwa kumtazama.
Akacheka, mkono kiunoni.
"Mwanangu, mimi njia ya kushuka naijua. Ile sindano yako ndiyo haikujua njia."
Nami nikacheka. Bado naona nimemnyima kitu.

Jumatano, 14 Mei
Mvua tangu alfajiri. Mama Nakijwa alishuka jana kabla barabara haijaharibika, akalala kwenye kile chumba. Asubuhi tukamfanyia. Mrutu kwenye mashine mpya, mimi kwenye sindano. Hakuna aliyepandisha sauti.
Mchana nilipita kumwona. Amelala kwa ubavu, mguu mbaya umenyooka. Binti akaweka kidole mdomoni. Akaninong'oneza, "Hajalala mchana tangu Krismasi."
Nilikaa kidogo kwenye kitanda cha pili, nikisikiliza mvua. Kisha nikarudi kliniki.