Nusu Yangu ya Salamu Maria

Bagamoyo,
Jumapili ya tatu ya Kwaresima

Kwako Dada mpendwa, Sista Perpetua,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umekwisha kuitikia "milele amina" kabla macho yako hayajafika hapa, kwa hiyo naendelea. Shikamoo dada. Natumaini barua hii itapita salama kwa sista wa mlangoni na itakukuta mzima, kifua kimetulia, na baridi ya huko milimani imekuonea huruma. Sisi huku tupo. Joto la mwaka huu halina adabu, mvua inatishia kila alasiri halafu inaghairi, na wanangu wanaendelea vizuri katika yote, hasa katika kula.

Baba bado yuko Lugoba kwa mdogo wetu Sixbert. Hali yake ni ileile niliyokuandikia baada ya Noeli: tangu kile kiharusi mkono na mguu wa kulia havijarudi, na maneno hayajarudi. Akitaka maji anatazama kikombe. Wifi Scola anamtunza kuliko sisi wanawe tulivyoweza, maana Sixbert mwenyewe yuko barabarani na lori lake, na mimi niko na chaki yangu huku. Kuna jambo la Baba nitakalokueleza mbele, usiruke kurasa.

Katika barua yako uliuliza jumuiya yetu inaendeleaje, ukasema unatuombea kila alfajiri kwa majina. Dada, barua hiyo nimeikalia kwa sababu ya swali hilo. Kila nikishika kalamu naona uvivu, kisha naona haya, kisha naenda kupika.

Basi ukweli ni huu. Jumuiya yetu siku hizi iko kwenye simu. Wewe uliingia monasteri wakati simu zetu ni za kubonyeza, kwa hiyo nikueleze kidogo. Kuna kitu kinaitwa grupu. Watu wote wa jumuiya wamo humo ndani, kila mtu akiwa kwake, na mmoja akisema neno wote wanalipata. Jambo zuri sana kwa kutangaza misiba na michango. Sisi tukaona litafaa hata kwa Rozari.

Unakumbuka tulivyokuwa tunazunguka nyumba kwa nyumba. Aliyefikiwa anatandika mkeka, anaazima viti kwa majirani, anaweka mshumaa juu ya stuli, na tunaimba mpaka mbwa wanakasirika. Siku hizi mwenye zamu anakuambia mgeni kamfikia ghafla. Mwingine anafanya kazi hotelini, anatoka usiku. Vijana wana mechi. Kina mama wana tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, na usidhani nawasema wenzangu tu, hata mimi namjua kila mwanamume mbaya wa Istanbul kwa jina. Mwezi wa Rozari ulipofika mwaka jana, katibu wetu, kijana anayefanya kazi benki, akasema tusisumbuane, tusali kwenye grupu. Mwenyekiti, yaani mimi mdogo wako, akasema sawa. Nilikuwa nimechoka, dada. Nilisema sawa kabla hajamaliza sentensi.

Utaratibu ukawa hivi: kila jioni mimi nasali fungu moja la Rozari, Salamu Maria kumi, kwa sauti, simu inarekodi, halafu naituma. Nasema nusu yangu, "Salamu Maria, umejaa neema," mpaka mwisho wa nusu, kisha nanyamaza kidogo ili kila mtu aitikie nusu yake nyumbani kwake. Akimaliza kusikiliza anaandika "Amina," nasi tunajua kasali.

Mwanzoni nilisali kweli. Nilifunga mlango, nikawasha mshumaa, nikawafukuza watoto. Baadaye nikagundua kwamba sauti ya jana iko palepale, haijachakaa. Nikarekodi mara nne tu, matendo ya Furaha, Uchungu, Utukufu na Mwanga, nikawa natuma kufuatana na siku. Natuma huku nakuna nazi. Natuma huku namtazama yule mama mkwe wa Istanbul anavyomtesa mkamwana wake. Na Amina zinakuja nyingi kuliko watu tuliowahi kuwaona kwenye mkeka.

Wa kwanza kuniuliza hakuwa Mkristo. Ni Bi Hajra, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, yule aliyekufundisha kusuka ukili. Alikuja na sahani ya vitumbua na uso wa pole, akaniuliza tumegombana nini sisi watu wa Rozari. Alisema siku nyingi hasikii sauti zetu, na kule kwao wameshazoea, kwamba sisi tukimaliza nyimbo zetu ndipo naye anajua hajachelewa kutia tui. Alidhani kuna ugomvi au kuna mtu anaumwa. Nikamwambia hapana, siku hizi tunasali kwa simu, kwenye grupu. Akafikiri sana, akauliza kama Mungu naye tumemuunga humo. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Alipoondoka nikala vitumbua vyote peke yangu, na sikuona raha hata kidogo.

Kuanzia siku ile nikaanza kuzitazama zile Amina. Sauti yangu ni ya dakika tatu na ushee, lakini Amina ya kwanza inaingia kabla sijaweka simu chini. Siku moja mtu alitangaza kwamba bomba la mtaa limepasuka, watu saba wakaandika Amina. Nikajiambia, Genoveva, hawa hawasikilizi. Mimi sisali, na wao hawasikilizi, na wote tunaonekana watakatifu.

Sasa nifike kwenye Ijumaa ile, Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima. Tulikwenda Njia ya Msalaba, watu wachache, mabenchi yanatazamana. Tulipofika kituo cha tisa, Yesu anaanguka mara ya tatu, simu ya mtu ikalipuka kelele za goli. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekasirika. Padre akangoja, akaendelea. Nilirudi nyumbani na daftari za darasa la tatu mkononi na hasira ya kimwalimu kifuani, ile ya kutaka kumkamata mtoto anayeitikia "ndiyo mwalimu" bila kujua ameulizwa nini.

Nikarekodi upya. Nilianza vizuri, kwa ishara ya msalaba, nikatangaza tendo la kwanza la Uchungu, nikasali Baba Yetu. Halafu, kwa sauti ileile ya ibada, nikasema: saba mara moja, saba. Nikanyamaza, nikaacha nafasi ya kuitikia. Saba mara mbili, kumi na nne. Nikanyamaza. Hivyohivyo mpaka saba mara kumi, nikamalizia na Atukuzwe Baba. Nikatuma.

Amina zikaja, dada. Zikaja kama kawaida, na nyingine zina vipicha vya mikono iliyokunjwa na maua. Katibu aliandika "Amina, mwenyekiti, Mungu akubariki kwa tafakari nzuri." Nikacheka peke yangu jikoni. Kisha nikakaa kwenye kigoda, na uchovu ulionishika pale sijawahi kuupata hata siku za uchungu wa kuzaa. Nikaamua kwamba Jumapili nitakwenda kwa padre kuachia uenyekiti. Na ndani ya moyo nilijua siachii uenyekiti peke yake. Nisingegombana na mtu. Ningeacha taratibu, kama watu wanavyoacha kutia sukari kwenye chai. Sikujua tena kama sina imani au nimechoka tu. Mambo haya mawili yakikaa pamoja muda mrefu yanafanana, na mimi nilikuwa sina nguvu ya kuyatenganisha.

Kesho yake asubuhi Scola akapiga simu. Aliniamkia vizuri, akaniuliza watoto, akaniuliza shule, kisha akaniambia kwa heshima zote, wifi samahani, hivi ile sala ya jana ni ibada mpya ya Kwaresima?

Scola alikuwa mwanajumuiya wetu walipokuwa wanakaa hapa Bagamoyo, na walipohamia Lugoba hakuna aliyekumbuka kumtoa kwenye grupu. Haandiki kitu, ndiyo maana nilikuwa nimemsahau. Nikamwuliza kama alisikiliza yote. Akasema yeye huwa hasikilizi, yuko na masufuria yake. Anayesikiliza ni Baba.

Dada, hili ndilo jambo nililotaka kukueleza, na nimelizungusha kurasa hizi zote. Baba anasema. Hasemi maji, hasemi njaa, hajui kuliita jina la Sixbert wala langu. Lakini kila jioni Scola anamwekea simu juu ya mto, sauti yangu inasema nusu ya Salamu Maria, na Baba anaitikia. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu, Amina." Yote, bila kukosea. Ni maneno pekee aliyobakiwa nayo, na hayatoki mpaka mtu ampe nusu ya kwanza. Scola alijaribu kumwanzishia yeye mwenyewe, Baba akawa anatazama simu. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Alishangaa. Alisema alidhani najua, si ndiyo maana nilikuwa natuma kila siku bila kukosa? Alikuwa akiwaambia majirani kwamba Baba ana binti anayemsalisha kutoka Bagamoyo.

Na ile Ijumaa? Scola alisikia hesabu akiwa jikoni, akadhani watoto wamechezea simu, akaja mbio. Akamkuta Baba anaitikia. Saba mara tatu, ishirini na moja. Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu. Saba mara nne, ishirini na nane. Utuombee sisi wakosefu. Alikuwa anasita kwanza kila mara, Scola anasema, kama mtu anayetafuta ngazi gizani, halafu anaitikia. Mpaka kumi likatimia. Akajifanyia ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, akageukia ukutani, na hakula usiku ule.

Nililia kwenye simu, na wifi yangu akawa ananibembeleza bila kujua analolibembeleza.

Sikwenda kwa padre. Nilipanda gari la Msata, nikashukia njia panda, nikachukua jingine mpaka Lugoba. Nilimkuta Baba ameketishwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, amenyolewa ndevu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo kama anakwenda misa. Akanitazama. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwambia yote, kuhusu zile sauti nne na kuhusu jedwali la saba. Sijui alielewa nini. Uso wake sasa unasema upande mmoja tu, na upande ule haukuniambia kitu.

Basi nikaanza kumsalisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Salamu Maria ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Ya tatu, dada, ikanikwama. Mimi mwenyekiti, mimi niliyesomeshwa kwa sadaka za Wakristo, nilifika "Bwana yu nawe" na mbele pakawa peupe. Miezi yote hiyo simu ilikuwa inasema kwa niaba yangu, na mdomo ulikuwa umesahau njia. Nikanyamaza. Nikaona haya hata mbele ya kuku wa Scola.

Na Baba akaitikia. Nilikuwa sijampa nusu yake, nilikuwa nimenyamaza tu, naye akaitikia kunyamaza kwangu. Kisha akaningoja. Nikaanza tena.

Sitakudanganya kwamba uchovu umeondoka. Upo, nimeamka nao leo. Grupu lipo, Amina zipo, na nilipowaeleza watu wa jumuiya juu ya lile jedwali, wengine walinuna na wengine wakaniandikia "pole mwenyekiti" na ua. Alhamisi nilitandika mkeka kwangu, wakaja wawili. Bi Hajra alichungulia ukutani, akaniuliza viti vyake havitakiwi? Kila jioni sasa nampigia Scola, anaweka simu kwenye mto, na nasali na Baba papo hapo. Siku nyingine nasema maneno na moyo hauko. Lakini nayasema, maana nikinyamaza, kule hakuna atakayejua kwamba Baba bado ana sauti. Usiniombee nipate furaha, dada, sina mahali pa kuiweka kwa sasa. Niombee nisichoke kusema nusu yangu.

Wanao wanakusalimu sana, mkubwa anauliza kama monasteri mnaruhusiwa kula chipsi. Sixbert anakusalimu kutoka barabarani, Scola kutoka jikoni kwake. Bi Hajra anasema umwombee na yeye, goti linamsumbua, dua ni dua. Salamu zangu kwa masista wote, na mama mkuu namwamkia.

Salamu za Baba ninazo pia. Jana nilimwambia kwenye simu kwamba nakuandikia, nikamwuliza nikuambie nini kutoka kwake. Akakaa kimya, Scola akadhani amelala. Kisha akasema mwenyewe, bila mtu kumwanzishia: "Utuombee." Akapumzika. "Utuombee sisi." Sikumwongezea neno, na hapa nimeandika kama alivyosema.

Mdogo wako akupendaye,
Genoveva Hieronimo