Sakafu ya Chumba cha Ndani

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Chai, kisha kwa miguu kutoka Ilala mpaka nyumba aliyoniachia baba Kinondoni, kama kila siku ya likizo hii. Makuti mapya yamekwisha kuezekwa. Kuta zimekandikwa. Fundi Selemani amemaliza saruji vyumba viwili vya mbele, bado cha ndani. Mwalimu mwenzangu wa Tabora anakuja Jumamosi ya wiki ijayo na mkewe na binti yao, kuiona bahari. Ndio wageni wangu wa kwanza. Wakirudi na sifa, walimu wa bara watajua pa kufikia wakati wa likizo, na nyumba hii itakuwa imefaa kitu. Marehemu baba hakuipangisha wala kuiuza. Tangu mama alipotukimbia kwenda Mafia na mwanamume, nikiwa na miaka sita, baba alikuwa akija kuezeka tu, kisha anafunga mlango.

Jumanne, 4 Agosti
Udongo wa chumba cha ndani umetitia. Jana tuliushindilia ukawa sawa. Leo kuna bonde katikati, refu, jembamba. Pamelowa. Mvua hakuna. Fundi kajaza tena.

Jumatano, 5 Agosti
Umetitia tena. Pale pale. Na adhuhuri, jua la utosi, chumba kinanuka karafuu maiti, kama nyumba yenye msiba. Fundi naye kainusa, nimemwona. Kila nikiingia mle naona kama kuna mtu amenipisha. Naogopa, na nina hasira kwa kuogopa. Mwalimu mzima!

Alhamisi, 6 Agosti
Leo Fundi kachimba badala ya kujaza. Chini ya udongo mwekundu kuna mchanga mweupe wa pwani, umefukiwa kwenye shimo lenye urefu wa mtu. Pembeni yake kuna jingine, halifiki urefu wa mkono wangu. Akaweka jembe chini.
"Mwalimu, humu kafia nani?"
Hakuna, nikamwambia. Akanitazama kwa huruma, na sipendi kuhurumiwa. Kasema huu ni ufuo. Maiti huoshwa kitandani, na chini ya kitanda huchimbwa ufuo upokee maji. Baadaye hufukiwa. Huu mrefu ni wa mtu mzima. Huu mfupi ni wa kichanga. Hamimini saruji hapo mpaka ajue ni za akina nani. Nikamfokea, nikamwita mshirikina. Akachukua mwiko wake, akaenda zake.
Nyumba hii baba aliijenga mwenyewe. Tulioishi humu ni watatu tu.

Ijumaa, 7 Agosti
Sikwenda Kinondoni. Nimeshona mapazia. Vibaya.

Jumapili, 9 Agosti
Nimemuuliza shangazi Mwanaidi, aliyenilea. Alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini.
Mama hakwenda Mafia. Mwanamume hakuwapo. Alikufa kwa uzazi katika chumba kile, yeye na mtoto wake wa kiume. Shangazi mwenyewe ndiye aliyewaosha. Mimi nilikuwa nimepelekwa kwa jirani.
"Ulikuwa unamlilia kutwa, hutaki kula. Baba yako akasema bora umchukie kuliko utufie. Tukasema tutakwambia ukikua, mwanangu."
Nimekua. Nina miaka ishirini na minane. Miaka ishirini na miwili nimemwita mama yangu malaya moyoni. Kwenye hitima ya baba, jirani mmoja alitaka kumtaja mama, nikamkatiza mbele ya watu. Leo nawachukia baba na shangazi. Shangazi kalia. Sikumbembeleza.

Jumatano, 12 Agosti
Shangazi kanipeleka makaburini. Kaburi la mama lina nyasi za miaka miwili tu, tangu baba alipougua. Kabla ya hapo alikuwa analifyeka mwenyewe, na mimi akiniaga kwamba anakwenda kutazama makuti. Nilitaka kumwomba mama radhi. Sikuweza hata kuanza. Nilisimama tu kama mwanafunzi aliyesahau somo.

Ijumaa, 14 Agosti
Nimemwomba radhi Fundi Selemani. Huyo nimemuweza. Hitima ya mama na kichanga chake imesomwa chumba cha ndani, wanawake kumi, shangazi katikati. Walipoondoka nikazifukia fuo zote mbili kwa mikono yangu. Saruji hapana. Mgeni hatalala humo. Nimetandika mkeka mpya na kutundika pazia mlangoni.

Jumapili, 16 Agosti
Wageni walifika jana. Udongo haujatitia. Kesho sijui. Harufu ipo, kidogo.
Asubuhi mke wa mwalimu kauliza chumba chenye pazia ni cha nani. Nikasema cha mama. Akauliza, yupo? Nikasema yupo. Basi wakasimama mlangoni, baba, mama na binti yao, wakaamkia kwa heshima zao zote za bara: shikamoo, mama. Wakangoja. Wakadhani amelala. Wakaenda baharini wakinyata.
Nikabaki peke yangu. Nikasimama pale walipokuwa wamesimama.
Shikamoo, mama.