Maua Manne kutoka Tartu

Mdogo wangu Hamisi,

Naanza na lawama, maana barua zangu tatu hujazijibu. Ulizoea kuandika kila baada ya wiki tatu. Sasa zimepita kumi na moja.

Ulikuwa umebakiza mwaka mmoja tu umalize uhasibu hapa Durban. Mimi niliyeanza kusuka watu kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara nilitaka mtu wa hesabu nyumbani. Ukakutana na baharia kule bandarini Point, akakuachia kitabu cha lugha yao, basi, tukakupoteza. Unakumbuka siku uliyotutangazia saluni kwamba umepata ufadhili, unakwenda chuo kikuu cha Tartu, huko Estonia, kusomea Kiestonia na utamaduni wao? Mama Bea, msusi wangu Mkongo, aliacha kichwa cha mteja nusu.

"Estonia? Iyo ni inchi ao ni dawa ya minyoo?"

"Ni nchi, Mama Bea. Na huko jina moja lina maumbo kumi na manne."

"Eish! Mie watoto sita tu, majina yao yananishinda."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kwa nje.

Kisha ile simu yako ya kwanza. Ulimpelekea mwalimu wako maua manne siku yake ya kuzaliwa, darasa zima likageuka kukutazama. Ndipo wakakufundisha: kwao aliye hai hupewa maua kwa idadi witiri. Shufwa ni ya kaburini. "Dada, nimemzika mwalimu mchana kweupe!" Ukacheka mpaka kadi ya simu ikaisha.

Tangu hapo kila barua ilikuja na maua makavu ya buluu. Matatu. Matano. Mara moja saba, nilipofungua saluni ya pili. Lugha yako siijui, lakini kuhesabu najua.

Barua yako ya mwisho, ile ya wiki kumi na moja zilizopita, haina neno hata moja. Mwandiko wa anwani ni wako. Ndani, maua manne.

Nimepiga simu chuoni. Mama mmoja akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba darasani huonekani na chumba chako kimefungwa. Nikauliza, tangu lini? Akaniuliza mimi ni nani wako.

Andika, Hamisi. Hata kwa Kiestonia. Nitashuka Point nitafute baharia wa kunisomea. Mama Bea anasema ua moja litakuwa limedondoka njiani. Lakini bahasha ilifika imefungwa kwa gundi pande zote, nami nimeikung'uta mpaka imechanika, nikitafuta la tano.

Dada yako,
ambaye bado anahesabu