Wimbo wa Kihindi Uliopita Nje ya Mlango

Dada Bhoke, shikamoo huko ng'ambo ya mpaka wa Sirari.

Juzi katibu wa kijiji alikuwa anatafuta taarifa ya habari redioni, akaupitia ule wimbo wa Kihindi. Nilimwomba auache kidogo. Hauna mambo mengi, ni mwanamke mmoja na filimbi, taratibu.

Tuliusikia mara ya kwanza Bomani, ulipokwenda kupima gauni kwenye duka la Mhindi. Santuri ilikuwa inazunguka nyuma ya kaunta. Ulimuuliza mkewe huyo anaimba nini. Akasema, "Anaambia usiku, pole pole tu. Asubuhi yeye hana mahali ya kwenda." Ukacheka, ukasema huyo mama aje kwetu Kemambo, asubuhi kuna kuni, maji na palizi. Tangu hapo ukawa unasaga wimbi huku unauimba, bila kujua hata neno moja.

Kisha ukaolewa. Ng'ombe wa mahari yako hawakumaliza msimu zizini kwetu. Baba aliwatoa, nikamwoa Robi. Ndiyo desturi yetu, dada akitoka kaka anaoa. Ulinitania, "Marwa, huyo mke nimekuolea mimi. Mtunze."

Nimemtunza.

Usiku ule uliporudi nyumbani, tulishasikia jinsi mumeo anavyokupiga. Uligonga, ukasema kwa sauti ya chini, "Marwa, ni mimi. Nifungulie." Ungeingia, mumeo angedai ng'ombe wake, na baba angewafuata kwa kina Robi, naye Robi angerudi kwao na mtoto mgongoni. Robi alinishika mkono. Ulikaa hapo nje muda mrefu. Halafu nikakusikia unauimba ule wimbo mdomo umefungwa, ukienda, mpaka sikusikia tena. Asubuhi nilimwambia mama nililala fofofo.

Siku hizi tuko kijiji cha ujamaa. Nyumba zimepangwa mstari mmoja, yetu ni ya tatu kutoka ghala. Kule kwetu kwa zamani kumebaki mkonge tu. Tulipohamishwa nilichukua vitu vichache, lakini mlango niliung'oa nikaja nao. Ni uleule, utautambua.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa ndizi aliniletea salamu zako. Ulimtuma aseme hivi: "Mwambie Marwa simlaumu, alikuwa amelala." Nilimshukuru, nikampa maji ya kunywa, akaenda zake. Naona aibu, dada, na nimechoka kuificha.

Sikuwa nimelala.

Mdogo wako,
niliyeoa kwa ng'ombe wako